Pale Unyasi Mmoja Unapoishia

Mtu akikisifu kikapu cha Iringa, mara nyingi husifu rangi yake, au umbo lake, au namna kinavyosimama wima hata kikiwa kitupu. Ni sifa za haki. Mimi nataka kusifu kitu ambacho msukaji hutumia ustadi wake wote kukificha, nacho ni maungio. Vikapu hivi husukwa kwa milulu, nyasi za majimaji zinazoota mabondeni, na mlulu hata ukiwa mrefu namna gani ni mfupi kuliko safari unayotumwa. Pale kwenye kitako, duara likiwa bado dogo, unyasi mmoja huzunguka mara kadhaa. Ukifika ubavuni duara limepanuka, nao huisha mapema. Lazima uungwe mwingine, na huo ukiisha uungwe mwingine tena, hivyo hivyo mpaka ukingoni. Kikapu cha kwendea sokoni kina maungio chungu nzima, na bado ukikizungusha mikononi unaweza usione hata moja.

Ufundi huu ni wa wanawake wa Kihehe, na Kalenga ni mahali pazuri pa kuutazama. Ukitoka Iringa mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ni kilomita kama 15 tu mpaka kijijini, kwenye bonde la Ruaha Mdogo. Wageni wengi husimama pale kwa ajili ya makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wakaliona fuvu lake, wakasikiliza historia, kisha wakaendelea na safari ya kwenda kuona tembo. Vikapu huviona dirishani mwa gari. Lakini katika vijiji vya upande huu, Kalenga yenyewe na jirani zake kama Mangalali, kusuka ni kazi ya barazani, kazi inayokwenda pamoja na mazungumzo, na kuangalia wajukuu, na kungoja maharage yaive. Mikono ikiisha kuzoea haihitaji macho. Msukaji anaweza kukusalimia kamwene, akakuuliza habari za ulikotoka, akamkemea kuku anayenyemelea mahindi, na nyuzi zikawa zinaendelea kupishana mapajani mwake bila kukosea hata mara moja.

Kazi yenyewe huanzia bondeni. Milulu hutaka maji miguuni. Hukatwa ikiwa imekomaa, kwa sababu iliyo michanga husinyaa na kukosa nguvu, na iliyopitiliza huwa migumu, ikivunjika badala ya kupinda. Huanikwa juani, ikageuzwageuzwa, mpaka ule ujani uanze kupauka uwe wa manjano mepesi. Hiyo ndiyo rangi ya kikapu kipya. Kikikaa nyumbani miaka, kikipata mikono na hewa, rangi hiyo hukolea polepole mpaka ifanane na ya asali, na kwa macho yangu kikapu cha miaka 10 ni kizuri kuliko kilichotoka jana.

Kisha nyasi zinachambuliwa. Hapa mgeni asiyejua huona mama amekaa tu anahamisha nyasi kutoka fungu hili kwenda fungu lile, akadhani bado kazi haijaanza. Kumbe ndipo kikapu kinapoamuliwa. Nyasi nene na zilizonyooka zitakuwa mbavu, yaani zile zinazosimama kutoka kitakoni mpaka juu. Nyembamba na laini zitakuwa nyuzi za kuzungushia. Zenye madoa, zilizopasuka, zilizoliwa na wadudu, hutupwa. Kila unyasi una shina nene na ncha nyembamba, na msukaji anauangalia kwa urefu wake wote kabla ya kuuweka mahali, kwa sababu tofauti hiyo ya unene kati ya shina na ncha atakuja kuihitaji baadaye.

Kabla ya kusuka, nyasi hulowanishwa kidogo ili zilegee. Kidogo ndilo neno. Zikiwa kavu mno, hukatika kwenye mkunjo wa kwanza. Zikinywa maji kupita kiasi, huvimba, na kikapu kikija kukauka husinyaa, mistari ikaachana, ukabaki na kikapu kinachocheza. Msukaji hupima kwa kuupinda unyasi kwenye kidole. Sijaona chombo kingine cha kupimia.

Mwanzo wa kikapu ni mafungu ya mbavu yaliyopishanishwa msalaba na kufungwa katikati. Nyuzi mbili zinaanza kuzunguka mafungu hayo kwa pamoja. Mmoja unapita mbele ya ubavu, mwenziwe unapita nyuma yake, kisha kabla ya kufika ubavu unaofuata zinapishana nusu mzunguko, wa mbele ukawa wa nyuma, wa nyuma ukawa wa mbele. Huo ndio msuko mzima. Hakuna kingine cha siri. Kila ubavu unabanwa kati ya nyuzi mbili, na kila baada ya ubavu nyuzi zenyewe zinabanana. Kadiri duara linavyopanuka, mbavu zinaachana, na nafasi kati yake ikizidi msukaji hupachika mbavu mpya, akizichomeka kandokando ya zile za zamani na kuziacha nyuzi zizikamate. Nazo ni maungio pia. Ubavu mpya hauna mizizi popote. Umeshikwa na mizunguko michache ya mwanzo tu, na baada ya hapo unabeba mzigo sawa na wenzake waliotoka katikati.

Kuta husimama bila kalibu wala umbo la mti la kusukia. Msukaji anapotaka kitako kiwe ukuta, anaacha kuongeza mbavu na anavuta nyuzi kwa nguvu zaidi. Basi. Mkono ukivuta, duara linagoma kupanuka, mbavu zinanyanyuka. Akilegeza, kikapu kinatanuka tumbo. Akivuta tena, kinabana shingo. Umbo lote la kikapu ni kumbukumbu ya mkazo wa mkono wake mstari kwa mstari, na ndiyo maana vikapu viwili vya mama mmoja hufanana kuliko vikapu viwili vya mama wawili waliojifunza kwa mwalimu mmoja.

Sasa maungio yenyewe. Niliwahi kukaa karibu na bibi mmoja pale Kalenga, nikiwa nimekaza macho kwenye vidole vyake kwa nia ya kuona anapounga. Nilijua lazima aunge, nyasi alizokuwa nazo mapajani zilikuwa zinapungua. Sikuona. Nikamwuliza, “Bibi, umeunga wapi hapa?” Akacheka. “Tafuta, mwanangu.” Nikatafuta ubavuni kwa macho, nikapapasa kwa kidole, wapi. Akanishika kidole, akakiingiza ndani ya kikapu, akakibandika mahali. Pale, upande wa ndani, nikagusa kijincha kidogo kilicholala sambamba na mstari, kimelazwa chini ya mizunguko iliyofuata. Kwa nje hapakuwa na kitu.

Akanionyesha tena, safari hii taratibu. Unyasi wa zamani hauachwi mpaka uishe kabisa. Ukibakiwa na kipande cha kutosha mbavu kadhaa, ule mpya unaingizwa kwa ndani na kulazwa ubavu kwa ubavu na wa zamani, na zote mbili zinasukwa kama uzi mmoja. Ile tofauti ya unene sasa inapata kazi: ncha nyembamba ya unyasi unaokwisha inakutana na shina nene la unyasi unaoanza, na kwa mbavu hizo chache nene inabeba nyembamba. Mtu akiunga ncha kwa ncha, pale patakuwa dhaifu. Akiunga shina kwa shina, patatokea uvimbe, na uvimbe huo utausukuma mstari wa juu, na wa juu yake, mpaka kikapu kipinde shingo. Akiunga vizuri, unene unabaki ule ule, na mkono wake hauhisi badiliko lolote la mkazo. Baada ya mbavu hizo, ncha ya zamani inaachiwa upande wa ndani, na unyasi mpya unaendelea na njia.

Kuna sharti jingine alilolisema kwa msisitizo, na nadhani ndilo sharti la kazi yote. Nyuzi zinazozunguka ni mbili, na zote huisha. Haziruhusiwi kuisha mahali pamoja. Uzi mmoja ukiungwa hapa, mwenziwe lazima uwe mzima hapa, tena uwe na urefu wa kutosha kuvuka mbele. Msukaji akiona zinaelekea kuisha pamoja, hukata mmoja mapema, kwa makusudi, apoteze kipande kizima cha unyasi mzuri, ili maungio yasikutane. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika kikapu kilichosukwa vizuri, palipo na kiungo cha uzi mmoja pamekingwa na uzima wa uzi wa pili, na mstari wa juu na wa chini yake haujaungwa hapo. Msukaji anayetawanya maungio yake namna hiyo anayashika kichwani yote, ya mstari huu na ya mistari miwili iliyopita, huku anazungumza nawe habari za bei ya mbolea.

Rangi nazo huingia kwa kuunga. Nyasi zilizotiwa rangi, nyekundu ya damu ya mzee, zambarau, au nyeusi, hazipakwi juu ya kikapu kilichokwisha. Huungwa kwenye mwendo wa msuko mahali pa uzi mweupe, yaani usiotiwa rangi, zikazunguka kwa muda wake, kisha zikaachwa na uzi mweupe ukarudi. Na hapa kuna hesabu nzuri ambayo sijawahi kuiona imeandikwa ubaoni darasani. Ukizungusha nyuzi mbili, mmoja mweupe na mmoja wa rangi, na mbavu za kikapu zikawa shufwa, basi kila mzunguko rangi hurudi kwenye ubavu ule ule na unapata milia iliyosimama. Mbavu zikiwa witiri, rangi inaangukia ubavu wa jirani kila mzunguko, na milia inageuka kuwa vidoadoa vinavyopishana, kama ubao wa drafti. Ubavu mmoja tu wa kuongeza au kupunguza unabadilisha sura ya kikapu chote. Mama anayetaka kutoka milia kwenda vidoadoa huchomeka ubavu mmoja mahali asipopaona mtu, na kikapu kinageuka mbele ya macho yako.

Ukingoni mbavu hukunjwa, kila mmoja ukapita nyuma ya jirani zake na kuzamishwa chini, mpaka wa mwisho unakuja kuingia chini ya wa kwanza. Sehemu hii naipita haraka, ingawa wenyewe huipenda, kwa sababu nataka kufika kwenye neno.

Wasukaji hawasemi wanaunga. Wanasema wanasuka, na ndivyo sote tusemavyo: kusuka kikapu, kusuka mkeka, kusuka nywele. Kuunga ni tendo lililomo ndani ya kusuka, wala halipewi jina la kazi. Hata hivyo katika Kiswahili cha kila siku ni vigumu kupata kitenzi kilichotembea zaidi. Mganga wa mifupa anaunga mfupa. Mbunge anasimama kuunga mkono hoja. Mpishi wa Iringa anaunga mboga za majani kwa karanga, mwenzake wa Tanga anaunga kwa tui, na huko chunguni ndiko udugu wa nazi unakokutania. Nyumba mpya inaunganishiwa umeme na maji. Kijana anajiunga na chuo, asubuhi hiyo hiyo anajiunga na bando la intaneti. Mtangazaji wa mpira anamsifu kiungo mkabaji. Viungo ni magoti na viwiko, na viungo ni iliki na mdalasini, na mwili wenyewe mzima tunauita maungo. Nchi tunayoishi imeitwa kwa tendo hili, Jamhuri ya Muungano, tangu Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964.

Ila neno hili lina aibu moja, nayo inatokea likirudiwa. Kuungaunga. Maisha ya kuungaunga, nguo ya kuungaunga, waya za kuungaunga, maelezo ya kuungaunga. Hapo tunamaanisha kitu kisicho kizima, kilichobanwa kwa shida mpaka kesho. Tumezoea kuamini kwamba kilicho kizima ni kile kisichoungwa, na kwamba kiungo ni alama ya upungufu. Mimi naamini kikapu cha milulu kinaipinga imani hiyo waziwazi. Hakuna sehemu yake isiyoungwa. Ukitoa maungio yake hutabakiwa na kikapu kizima zaidi, utabakiwa na fungu la nyasi. Uzima wake wote umetoka kwenye kuunga, na tofauti kati yake na waya za kuungaunga ni kwamba hapa aliyeunga alijua mapema kwamba ataunga, akachambua nyasi kwa ajili hiyo, akaacha kipande cha kutosha, akalaza nene juu ya nyembamba.

Mtu aliyesimama Kalenga hawezi kulikwepa neno hili hata akigeuka upande wa historia. Kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19 nyanda hizi zilikuwa na watawala wadogowadogo wengi, kila mmoja na bonde lake. Aliyewaunganisha ni Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, kwa vita na kwa ndoa, na alipofariki mwaka 1879 ilikuwapo tayari nchi inayojulikana kama Uhehe. Mwanawe Mkwawa akaja kuizungushia Kalenga ngome ya mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, jeshi lake liliwashinda Wajerumani wa Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafia hapo. Wajerumani walirudi na mizinga, na mwishoni mwa Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliendelea kupigana msituni karibu miaka minne, mpaka Julai 1898 alipojiua asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining akalirudisha hapa kwa watu wake.

Ukuta wa mawe haukuchukua siku nyingi kuvunjika. Kilichobaki ni kile kilichounganishwa kwa ndoa na kwa koo. Watu wa Iringa, popote walipo, wakikutana stendi ya Mbezi au kazini Mwanza, bado huitana wanyalukolo, watu wa ukoo mmoja, hata kama mmoja ametoka Kilolo na mwingine Ismani na hawajawahi kusikia majina ya babu zao. Sisemi wasukaji wa vikapu wanafikiri mambo haya wakiwa kazini. Wanafikiri ada ya shule. Lakini mikono inayounga milulu katika bonde hili inafanya kazi yake juu ya ardhi ambapo kuunga na kuvunja vilikuwa mambo ya uhai na mauti, na mimi siwezi kuviona vikapu vile bila kuliona hilo.

Ufundi wa kuunga pasipo msumari wala gundi una umri mrefu upande wetu huu wa dunia. Mwandishi mmoja wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeeleza safari za biashara za Bahari ya Hindi, aliutaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu na kusema kwamba umeitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa. Mashua za namna hiyo ziliendelea kuundwa Lamu na visiwa vyake mpaka mwanzo wa karne ya 20. Ndizo mitepe. Mbao zilitobolewa matundu pembezoni na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lenyewe lilikuwa mkeka wa miyaa. Mabaharia waliusifu mtepe kwa jambo moja: ukipigwa na wimbi, au ukigota mchangani, viungo vyake vilijipinda vikarudi, wakati chombo cha misumari kingepasuka. Kikapu cha milulu kina tabia iyo hiyo. Kijaze viazi, kikalie, kibane kwenye buti la basi kati ya magunia, kisha kitoe. Kitakuwa kimebonyea, na baada ya muda kitarudia umbo lake, kwa sababu kila nyuzi mbili zinapopishana pana nafasi ndogo ya kusogea.

Mikeka ya pwani huungwa kwa njia nyingine. Huko hakuna mbavu. Mwanamke husuka ukili, mkanda mrefu mwembamba wa ukindu, siku kwa siku, akiukunja mviringo, na ukitosha huushona pembeni kwa pembeni mpaka mkeka utokee. Kusuka na kuunga ni kazi mbili tofauti, na mara nyingine watu wawili tofauti. Kiondo cha Kenya, kile cha mkonge kinachosukwa na akina mama wa Kikamba na Kikikuyu, ni ndugu wa karibu zaidi wa kikapu cha Iringa, maana nacho husukwa kwa nyuzi mbili zinazopishana. Lakini kiondo ni laini, hulala ukikiweka chini, kwa kuwa mbavu zake ni kamba. Cha Iringa husimama kwa kuwa mbavu zake ni nyasi ngumu. Na hapo hapo Iringa kuna tenga, la mianzi iliyopasuliwa, lililobeba nyanya za Ilula kwenda Dar es Salaam miaka mingi. Tenga ni kazi ya haraka na ya nguvu, matundu yake yanapitisha ngumi, na halina haja ya kuficha kitu. Nalipenda kwa ukweli wake. Kikapu hata hivyo kinadai subira ambayo tenga halijawahi kuidai.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoiita rambo, na watu waliokuwa wamesahau vikapu wakaanza kuvikumbuka. Ilikuwa habari njema kwa wasukaji. Mjini Iringa vikapu vilikuwa vimekwisha kupata njia nyingine pia: watalii, maduka ya kazi za mikono, na wanunuzi wa nje wanaotaka kikapu cha kuwekea nguo chafu au mimea ya sebuleni. Pana vituo mjini humo vinavyothamini kazi ya mikono kwa dhati, kama Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kutengeneza vitu vya kuuza. Soko la mbali hulipa vizuri kuliko la barabarani. Linakuja na masharti pia, vipimo vya sentimita na rangi za msimu, na nimewaona akina mama wakipima kitako kwa rula kwa uangalifu ule ule waliokuwa wakipima nao kwa shubiri.

Linalonisumbua ni bei ya njiani. Gari linasimama, kioo kinashushwa, mtu anauliza bei, anapunguza nusu, anapunguza tena. Bei inapangwa kwa ukubwa, na hakuna anayekipindua kikapu. Ningependa wanunuzi tukipindue. Tuingize mkono ndani, tupapase kuta, tutafute zile ncha. Kwenye kikapu kibovu utazikuta zimekatwa fupi mno, au zimepangana safu moja, mstari juu ya mstari, na ukibonyeza hapo ukuta unalegea. Kwenye kikapu kizuri zimetawanyika pande zote, zimelala, hazichomi. Kisha tuangalie mikono ya kikapu inaanzia wapi. Mkono uliofungwa kwenye ukingo tu utang'oka na ukingo siku ya kwanza ya viazi. Mkono wa haki umesokotwa kwa nyasi nyingi kwa pamoja, na miguu yake imeshuka ndani ya ukuta, mistari mingi chini ya ukingo, ikipita katikati ya mbavu, ili uzito ugawanywe kwa mistari yote hiyo. Aliyefanya hivyo ametumia muda ambao hauonekani popote, na muda huo unastahili kulipwa.

Hata hivyo mkono ndio hufa kwanza. Ukuta wa kikapu unaweza kumaliza miaka mingi jikoni, lakini mkono unasuguliwa kila siku, na siku moja nyasi zake zinaanza kukatika mmoja mmoja. Mjini watu hukitupa. Vijijini hukirudisha kwa aliyekisuka, na kama hayupo tena, kwa binti yake au jirani. Msukaji hukilowanisha pale kwenye mguu wa mkono, huzichomoa nyasi zilizokufa taratibu asiharibu ukuta, kisha huchomeka milulu mipya katika njia zile zile, mashina yake yakilala kando ya kile kipande cha zamani ambacho bado ni kizima. Kwa muda mkono utakuwa wa manjano mepesi juu ya kikapu cha rangi ya asali. Bibi wa Kalenga anacho kimoja cha namna hiyo, anawekea maharage ya mbegu. Mkono mmoja ni wake na mwingine ni wa mama yake, na alipokishika ili kunionyesha, alikishika kwa yote miwili.